Kabla ya Kuandika Programu, Fungua Daftari

Kazi iliyokuwa ikimchukua mtaalamu wa kompyuta wiki kadhaa, leo kijana wa Wote au Mwingi, huko Ukambani nchini Kenya, anaweza kuimaliza alasiri moja. Anafungua Claude, ChatGPT au Gemini, anaeleza kwa Kiswahili au Kiingereza anachokitaka, na msimbo unamwagika kwenye kioo kama ndengu kutoka guniani. Februari 2025, Andrej Karpathy, mmoja wa waanzilishi wa OpenAI, aliipa tabia hii jina ambalo kwa lugha yetu ni kama kusema kuandika programu kwa hisia: unaagiza, unakubali, wala huusomi msimbo wenyewe. Tangu hapo kila anayeguswa na shida za kijijini kwao ana wazo la programu. Ushauri wangu kwa mtu huyo ni mmoja, na yaliyobaki katika makala haya yanautetea. Asianze na akili unde. Aanze na daftari ambalo tayari lipo, linaloandikwa kila siku, na ambalo kuna mtu huinuka akafanya jambo kila anapolisoma. Pasipo daftari, na pasipo mtu wa kuinuka, programu itakuwa pambo la simu.

Ushahidi hauko mbali. Uko Kyuso, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui. Mwanzoni mwa muongo uliopita, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vidogo ndani ya mipini ya pampu za mkono za huko. Mpini ulipopanda na kushuka, kifaa kilihesabu, kisha kikatuma hesabu hiyo kwa ujumbe mfupi kupitia mtandao wa simu. Pampu ikinyamaza, ofisi inajua. Awali pampu iliyoharibika ilikaa siku 27 hivi kwa wastani ndipo itengenezwe. Katika jaribio hilo muda ukashuka hadi chini ya siku 3. Msomaji wa harakaharaka atakipa kifaa sifa zote. Lakini kifaa hakishiki spana. Kilichobadilisha mambo ni kwamba ujumbe ulikuwa na mahali pa kufikia: kulikuwa na mafundi wanaoungoja, ambao kazi yao ilikuwa kuondoka mara tu unapoingia. Katika kaunti yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ambako fundi anaweza kumaliza siku njiani, kujua ni pampu ipi iliyokufa kabla ya kutoka nyumbani ni nusu ya kazi. Nusu ile nyingine ni fundi mwenyewe. Jaribio hilo lilizaa kampuni ya matengenezo inayohudumia jamii za Kitui na Kwale, nayo inaitwa FundiFix. Hata kwenye jina, fundi ndiye aliyetangulia.

Kwa hiyo, kabla hujaufungua mtandao, jiulize: ni nani atakayeinuka akiiona nambari hii, na atakwenda kufanya nini? Wazo lisilokuwa na jibu, liweke kando hata kama limekunyima usingizi. Programu ya kuonyesha bei za mazao katika masoko yote ya Ukambani inapendeza sana masikioni, lakini nani atakayeziingiza bei hizo kila asubuhi, na mkulima wa Zombe mwenye magunia mawili ya mtama akijua kwamba Emali kuna bei nzuri, nauli ataitoa wapi? Mawazo ya aina hii yamejengwa na kufa mara nyingi nchini, na si msimbo uliyaua.

Sasa lichukue daftari la kioski cha maji tuliangalie kwa karibu. Ukurasa una tarehe, mita ya asubuhi, mita ya jioni, mitungi iliyouzwa, pesa taslimu, M-Pesa, na pembeni, kwa penseli, majina ya wenye madeni. Tuseme asubuhi mita ilisoma 4,312 na jioni 4,318. Zimetoka mita za ujazo 6, yaani lita 6,000, yaani mitungi 300 ya lita 20. Daftari linasema imeuzwa mitungi 271. Iko wapi mitungi 29? Programu iliyoandikwa na mtu ambaye hajawahi kusimama kwenye foleni ya maji itawasha taa nyekundu na kamati itamwita muuzaji ajieleze. Lakini mtungi tunaouita wa lita 20, ukijazwa hadi mdomoni kama kila mteja anavyotaka, unaweza kumeza lita 22. Zidisha 271 kwa 22 upate lita 5,962. Kilichopotea ni lita 38, ambazo ni za kuoshea mitungi na kumwagika. Muuzaji hakuiba kitu. Ni ukarimu wa kujaza. Jambo hilo halimo katika akili unde yoyote, na hata kama limo, halitajitokeza usipoliulizia. Analijua muuzaji. Ndiyo sababu nasema sehemu iliyo ghali imehama: msimbo umekuwa wa bei rahisi, na kuijua kazi yenyewe ndiko kumebaki na thamani yake. Mtu wa Mutomo au Kathonzweni ana mtaji ambao wahandisi wa Nairobi hawana, nao ni kwamba anaweza kuketi kando ya bomba siku tatu mfululizo bila kuonekana mgeni.

Ukishaketi, maagizo kwa chombo hayazidi ukurasa mmoja. Yaandike kama unavyomwagiza seremala, ukianza na mtu atakayekitumia kitu. Kwa mfano: “Muuzaji wa maji anaingiza mita ya asubuhi, mita ya jioni, mitungi iliyouzwa, pesa taslimu na nambari za miamala ya M-Pesa. Jioni anaonyeshwa tofauti ya lita kati ya mita na mauzo. Ujazo wa mtungi uweze kubadilishwa. Nambari moja ya muamala ikiingizwa mara mbili, aonywe. Ifanye kazi bila intaneti kwenye simu ya Android ya bei nafuu. Kabla ya kuandika chochote niulize maswali matano. Usiongeze nisichoomba.” Sentensi ya mwisho usiisahau, kwa maana vyombo hivi vina ukarimu wa kupindukia: ukiomba kibanda vinakujengea ghorofa, lenye akaunti, michoro ya rangi na ukurasa wa mipangilio ambao hakuna atakayeufungua. Kila chumba cha ziada kitakuwa na mlango wa kuharibika. Onyo kuhusu nambari za M-Pesa, kwa upande mwingine, ni dogo na lina faida kubwa, kwa kuwa mteja mjanja anaweza kuonyesha ujumbe wa juzi kana kwamba ni wa leo, na zile herufi na tarakimu 10 za muamala hazijirudii. Hilo nalo linajulikana kwenye kioski kabla ya kujulikana popote.

Hapa mpinzani wa kwanza ananyanyua mkono. Asiyejua kusoma msimbo, anauliza, atajuaje kama umekosewa? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba mweka hazina wa chama hajui kikokotoo kimeundwaje, lakini anajua kukipima: anakipa hesabu ambayo jibu lake analo. Fanya vivyo hivyo. Chukua kurasa za mwezi uliopita, ziingize zote, ulinganishe na jumla ambayo kamati iliikubali. Zikitofautiana, kimojawapo kimekosea, na mara nyingine utashangaa kwamba ni daftari. Kisha ijaribu programu kwa ubaya. Ingiza mita ya jioni iliyo ndogo kuliko ya asubuhi. Andika neno mahali pa nambari. Zima simu katikati ya kuingiza. Jifanye mita imebadilishwa na mpya inaanzia sifuri, kwa kuwa siku hiyo itafika, na programu isiyoitarajia itatangaza kwamba kioski kimeuza maelfu ya mitungi kwa hasi. Kila inapoteleza, kieleze chombo ulichofanya na ulichokiona, kwa maneno ya kawaida, kisha urudie kurasa zote tangu mwanzo, kwa sababu kikirekebisha hapa huvunja kule. Nakala iliyokuwa ikifanya kazi jana usiifute.

Hata hivyo mpinzani ana nusu ya ukweli, nami siwezi kumnyang’anya. Yapo makosa ambayo majaribio ya namna hii hayayafichui, hasa mlango ulioachwa wazi kwenye seva ambapo yeyote anayejua anwani anasoma majina na madeni ya kijiji kizima. Kinga ya anayeanza ni kutokuwa na seva. Data ikae ndani ya simu ya muuzaji, na kila Ijumaa faili moja itumwe kwa mweka hazina. Likija hitaji la kuunganisha vioski kumi, au la kupokea malipo ya M-Pesa moja kwa moja ndani ya programu, mtafute mtu aliyesomea kazi hiyo. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, na wanafunzi wa kompyuta si adimu. Hapo ndipo ninapowajibu pia wanaolalamika kwamba akili unde inawanyang’anya vijana kazi. Kioski cha kijijini hakijawahi kuwa na pesa za kumlipa mwandishi wa programu, kwa hiyo kwake hakuna kazi iliyonyang’anywa. Kinyume chake, programu ndogo ikishika mizizi, ndipo panapatikana mtu wa kumlipa ili aikague.

Wengine watasema Ukambani bado ni nchi ya simu za kabambe na mulika mwizi. Ni kweli, na haina neno. Programu ya daftari inahitaji simu janja moja tu, ya yule anayeandika. Wateja wakihitaji taarifa, wapelekewe ujumbe mfupi, na hapa kuna mtego mdogo ambao wengi huujua bili ikishafika. Ujumbe mfupi wa kawaida hubeba herufi 160. Kikamba sanifu kina ĩ na ũ, na herufi hizo hazimo katika alfabeti ya msingi ya ujumbe wa simu. Ukiweka ũ moja tu, ujumbe mzima unageuzwa kuwa wa aina nyingine unaobeba herufi 70. Tangazo la herufi 120, ambalo lingelipiwa mara moja, linakuwa jumbe mbili, na ukiwa na wateja 200 umelipia jumbe 400. Ama uandike bila alama, kama watu wenyewe wanavyoandikiana, ama ufupishe hadi 70. Wala usiiachie mashine Kikamba chenyewe. Inakiandika kwa kujiamini na kwa kubahatisha, na Kikamba cha Kitui na cha Makueni hakifanani kila neno. Mpe mtu mzima wa hapo asome kwa sauti. Akisita mahali, hapo pana kosa.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu zaidi ya hayo: kwa nini daftari lisibaki daftari? Mara nyingi jibu ni libaki. Fikiria vikundi vya mwethya, kazi ya kusaidiana ya Wakamba, vilivyobeba mawe na saruji kujenga mamia ya mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu ya Ukambani, kazi ambayo upande wa Kitui shirika la SASOL limeisimamia kwa miaka mingi. Orodha ya waliokuja kazini husomwa mbele ya watu wote. Aliyekosa anajulikana, aliyemtuma mwanawe anajulikana, na asiyekubaliana anapinga papo hapo. Ukiihamishia orodha hiyo ndani ya simu ya katibu umeifanya iwe nadhifu na umeificha. Programu inafaa pale ambapo hesabu ni nyingi kuliko penseli, kwa mfano kulinganisha mita na mitungi siku 90 mfululizo ili kuona kama uvujaji unakua. Pale ambapo kazi ya daftari ni kuaminiana, liache juu ya meza. Na mahali pengi jedwali la kawaida la kompyuta litatosha bila msimbo wowote. Huo nao ni ushauri unaoweza kuuomba kutoka kwa akili unde yenyewe, ukiiuliza waziwazi kama kweli unahitaji programu.

Ili kuiona tofauti hiyo, chukua maembe ya Makueni. Mabroka hununua kwa kuhesabu, embe kwa embe, ilhali kiwanda cha kusindika matunda cha Kalamba hununua kwa kilo, na mkulima aliyeko kati ya hao wawili hana kipimo cha kulinganisha. Akipima maembe 20 na kupata kilo 7, kila embe lina gramu 350. Broka akimpa shilingi 8 kwa embe, amempa karibu shilingi 23 kwa kilo. Hesabu hiyo ni ya kikokotoo cha simu. Lakini kikundi cha wakulima 40 wanaokusanya pamoja, ambapo kila mmoja analeta kreti za aina mbili na maembe mengine yanakataliwa kwa kutobolewa na nzi wa matunda, kina daftari linalohitaji msaada, na kina mtu wa kuinuka: yule anayesimama langoni akibishana bei.

Uko mpaka ambao sitaki msomaji auvuke. Mwaka 2004 sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini iliyokuwa katika mahindi ilizuka mashariki mwa Kenya, na Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Walihesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walifariki. Sumu hiyo haina rangi ya kutegemewa wala harufu. Hivyo anayekuja na wazo la programu ya kupiga picha mahindi na kusema ni salama anachezea maisha ya watu, hata kama mashine imemjengea kwa dakika kumi na inaonekana nzuri. Kinachofaa ni kidogo na kisichovutia: kuweka kumbukumbu ya kila shehena, tarehe ilipoanikwa, siku mvua iliponyesha, na usomaji wa kipima unyevu, ili yale yaliyozidi asilimia 13.5 yasiingie ghalani. Programu ikumbushe na kuhesabu. Kutangaza kwamba chakula ni salama ni kazi ya maabara.

Mpaka mwingine ni wa majina. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaiweka afya ya mtu, mali yake na habari za familia yake katika kundi la data nyeti. Daftari la chama lina yote matatu, maana pembeni ya mkopo huandikwa sababu: hospitali, karo, ng’ombe. Unapojenga na kujaribu, usibandike majina halisi ndani ya mazungumzo na akili unde. Andika Mteja 1, Mteja 2, na nambari za simu za kubuni. Na usiruhusu programu isome jumbe zote za simu kwa kisingizio cha kurahisisha M-Pesa.

Pingamizi zito kuliko yote nimeliacha nyuma kwa kuwa sina dawa yake kamili. Aliyeijenga ataolewa, atapata kazi Mombasa, au atachoka. Nani ataitunza? Jambo la kwanza ni gharama. Zana nyingi za aina hii zina kifurushi cha dola 20 kwa mwezi, karibu shilingi 2,600. Kwa mtungi wa shilingi 5, hiyo ni mitungi 520 inayouzwa kwa ajili ya zana tu. Kioski hakiwezi kubeba mzigo huo. Lipia mwezi mmoja wa kujenga ikibidi, na uhakikishe kwamba programu ikishakamilika haihitaji akili unde ili iendelee kuhesabu. Jambo la pili ni karatasi. Ukurasa mmoja uliochapishwa, uliobandikwa ndani ya jalada la daftari, ueleze faili iko wapi, nakala inafanywaje, ujazo wa mtungi unabadilishwa wapi, na ni nani wawili wanaoijua, mmoja hatoshi. Maagizo uliyokipa chombo yahifadhiwe hapo pia, kwa maana atakayekuja baadaye anaweza kuyatumia kuijenga upya, na huo ni urithi bora kuliko msimbo wenyewe. Jambo la tatu, daftari lisitupwe. Miezi ya mwanzo vyote viwili viandikwe, na penseli ibaki imefungwa kwa uzi pale ilipokuwa.

Miezi hiyo ichaguliwe kwa akili. Ukambani wengi hutegemea mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi hadi Mei, na kabla yake kiangazi ni kirefu. Anayejaribu programu Septemba pekee ataona foleni na mauzo makubwa, aamini kwamba kazi imekwisha. Anayeijaribu Novemba pekee atadhani kioski kimekufa au mtu anaficha pesa, kwa sababu mabati yameanza kujaza matangi na mitungi 271 imekuwa 12. Anza Julai, usikabidhi kabla ya Desemba kwisha, na katika ukurasa wa kila siku acha nafasi ndogo isiyohesabiwa, ambamo muuzaji anaweza kuandika neno moja: mvua.